Aksiomu za Peano

Aksiomu za Peano ni kauli tano ambazo hesabu yote ya namba asilia (0, 1, 2, 3 na kuendelea) inaweza kujengwa juu yake. Aksiomu ni kauli inayokubaliwa bila uthibitisho ili kauli nyingine zithibitishwe kwa kuitumia. Zimepewa jina la mwanahisabati wa Italia Giuseppe Peano (27 Agosti 1858 – 20 Aprili 1932), aliyezichapisha mwaka 1889, ingawa Mjerumani Richard Dedekind alikuwa ametoa mawazo yaleyale mwaka mmoja kabla yake.

Kwa wanahisabati aksiomu hizi ni sehemu ya misingi ya fani yao. Kwa mwanafunzi zina faida nyingine: ni mahali pafupi kuliko pengine ambapo hisabati inaonekana ikianza mwanzo kabisa, na hakuna kauli inayopokelewa kwa sababu tu mwalimu ameisema. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba 3 + 5 ni sawa na 5 + 3. Lakini kwa nini iwe hivyo kwa namba zote, pamoja na zile kubwa ambazo hakuna mtu atakayewahi kuzihesabu? Wengi waliomaliza chuo kikuu hawajawahi kuulizwa swali hilo. Jibu lake liko hapa chini, na halihitaji elimu yoyote ya awali isipokuwa subira.

Aksiomu zenyewe

Kuna mambo mawili tu yanayotolewa bila fasili: namba 0, na tendo la kwenda kwenye namba inayofuata. Namba inayofuata n huitwa mfuasi wa n na huandikwa S(n). Aksiomu ni hizi:

1. 0 ni namba asilia.
2. Kila namba asilia n ina mfuasi mmoja, S(n), na S(n) pia ni namba asilia.
3. 0 si mfuasi wa namba yoyote.
4. Namba mbili tofauti hazina mfuasi mmoja: kama S(m) = S(n), basi m = n.
5. Kama 0 ina sifa fulani, na kama kila mara n inapokuwa na sifa hiyo S(n) inayo pia, basi namba asilia zote zina sifa hiyo.

Peano mwenyewe alianza na 1 badala ya 0, na orodha yake ya mwaka 1889 ilikuwa na aksiomu tisa. Nne kati ya hizo zilihusu alama ya usawa (=), nazo siku hizi huhesabiwa kuwa sehemu ya mantiki.

Aksiomu hazisemi namba ni kitu gani. Katika mchezo wa bao, kete inaweza kuwa komwe au kijiwe. Kinachofanya bao kuwa bao ni namna kete zinavyosogezwa. Vivyo hivyo, chochote kinachofuata kauli hizi tano kinaweza kuitwa namba asilia. Majina 1, 2, 3 na 4 ni vifupisho tu: 1 ni S(0), 2 ni S(1), 3 ni S(2), 4 ni S(3).

Kwa nini zote zinahitajika

Njia nzuri ya kuielewa aksiomu ni kuiondoa na kuangalia nini kinaharibika.

Ikiondolewa aksiomu ya tatu, mzunguko wa saa unaruhusiwa. Tuseme mwanzo ni saa moja. Kila saa ina inayofuata, na hakuna saa mbili zinazofuatwa na saa ileile, lakini baada ya saa kumi na mbili inarudi saa moja: mwanzo wenyewe umekuwa mfuasi. Ikiondolewa ya nne, inawezekana kuhesabu 0, 1, 2, 3 na kisha kurudi 1, kwa hiyo 1 inakuwa mfuasi wa 0 na wa 3 pia. Katika hali zote mbili namba zinaisha.

Aksiomu ya tano ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Huitwa aksiomu ya induksheni. Inafanana na moto katika mtaa wa nyumba za makuti zilizopangwa mstari mmoja: kama nyumba ya kwanza imeshika moto, na kila nyumba inayoungua huiwasha ile ya jirani, basi hakuna nyumba itakayosalimika, hata mstari uwe mrefu kiasi gani. Wanaoanza mara nyingi hulalamika kwamba induksheni inachukulia tayari kile kinachotakiwa kuthibitishwa. Sivyo. Haidaiwi kwamba nyumba ya n inaungua; kinachoonyeshwa ni kwamba ikiungua, inayofuata nayo itaungua. Bila nyumba ya kwanza kuwashwa hakuna kitu kinachothibitika.

Kazi nyingine ya induksheni ni kuwafukuza wageni. Tuseme kando ya 0, 1, 2, 3 na kuendelea kuna vitu viwili vya ziada, a na b, na kila kimoja ni mfuasi wake mwenyewe: S(a) = a na S(b) = b. Aksiomu nne za kwanza hazivunjwi. Ya tano ndiyo inayovunjwa, maana sifa ya «kufikiwa kwa kuanzia 0» ni ya 0 na hupita kwa kila mfuasi, lakini a na b hawana sifa hiyo. Wageni hawa watarudi hapa chini.

Kujumlisha

Kujumlisha hakumo katika aksiomu, hivyo kunahitaji fasili. Mistari miwili inatosha:

m + 0 = m
m + S(n) = S(m + n)

Mstari wa kwanza unasema kuongeza 0 hakubadilishi kitu. Wa pili unasema kwamba kuongeza mfuasi wa n ni kuongeza n, kisha kwenda mbele hatua moja. Ndivyo mtoto anavyojumlisha kwa vidole.

Kwa fasili hiyo, 2 + 2 = 4 inapata uthibitisho wake:

2 + 2 = 2 + S(1), kwa kuwa 2 ni S(1)
= S(2 + 1), kwa mstari wa pili
= S(2 + S(0)), kwa kuwa 1 ni S(0)
= S(S(2 + 0)), kwa mstari wa pili
= S(S(2)), kwa mstari wa kwanza
= S(3) = 4, kwa majina ya 3 na 4.

Hakuna hatua iliyoachwa, na kila moja ina sababu yake pembeni. Huu ndio unaoitwa uthibitisho rasmi: msomaji asiyejua maana ya namba hata kidogo angeweza kuukagua kwa kulinganisha alama na sheria.

Kanuni ya kubadilishana nafasi

Sasa kile cha mtoto wa shule ya msingi: m + n = n + m kwa namba zote. Hapa mwanafunzi hukutana na ugumu wake wa kwanza, kwa sababu fasili ya kujumlisha haiwatendei m na n kwa usawa. Inachambua namba ya kulia tu. Kwa mujibu wake m + 0 = m, lakini haisemi lolote kuhusu 0 + m. Anayejaribu kuthibitisha kanuni moja kwa moja hukwama katika mstari wa kwanza, na kukwama huko kuna mafunzo: kunaonyesha kwamba jambo lililodhaniwa kuwa moja lilikuwa matatu.

La kwanza ni kanuni saidizi kwamba 0 + n = n. Kwa n = 0, fasili inatoa 0 + 0 = 0. Tuseme 0 + n = n kwa namba fulani n. Basi 0 + S(n) = S(0 + n) = S(n). Kwa induksheni, ni kweli kwa zote.

La pili ni kanuni saidizi kwamba S(m) + n = S(m + n). Kwa n = 0, pande zote mbili ni S(m). Tuseme ni kweli kwa n. Basi S(m) + S(n) = S(S(m) + n) kwa fasili, na hiyo ni S(S(m + n)) kwa dhana iliyowekwa, na hiyo tena ni S(m + S(n)) kwa fasili ikisomwa kinyumenyume.

La tatu ni kanuni yenyewe. Kwa n = 0: m + 0 = m kwa fasili, na 0 + m = m kwa kanuni saidizi ya kwanza, kwa hiyo zinalingana. Tuseme m + n = n + m. Basi m + S(n) = S(m + n) = S(n + m) = S(n) + m, ambapo hatua ya mwisho ni kanuni saidizi ya pili. Uthibitisho umekamilika.

Je, induksheni ilikuwa lazima? Wageni a na b wanajibu. Kwa namba za kawaida kujumlisha kubaki kama kulivyo. Kwa wageni tuweke a + n = a na b + n = b kwa kila namba ya kawaida n, na tuseme kitu chochote kikiongezewa a kinatoa b, na kikiongezewa b kinatoa a. Mistari yote miwili ya fasili ya kujumlisha inatimizwa, na msomaji anaweza kukagua. Lakini a + 0 = a, ilhali 0 + a = b. Katika ulimwengu huu aksiomu nne za kwanza ni kweli na kubadilishana nafasi si kweli. Kwa hiyo hakuna werevu wowote ungeweza kuitoa kanuni hiyo katika aksiomu nne peke yake.

Kuzidisha kunafuata njia hiyohiyo: m × 0 = 0 na m × S(n) = m × n + m. Kisha huja kanuni za kupanga, kusambaza na kubadilishana nafasi, kila moja kwa induksheni. Kutoka hapo namba kamili (zenye hasi), namba wiano, namba halisi na namba changamano zinaweza kujengwa kwa msaada wa seti.

Historia

Chanzo cha mawazo haya ni darasani. Hermann Grassmann, mwalimu wa sekondari mjini Stettin (leo Szczecin, Poland), alichapisha mwaka 1861 kitabu cha hesabu kwa ajili ya shule ambamo alithibitisha kanuni za kujumlisha na kuzidisha kwa induksheni, badala ya kuzichukua kuwa dhahiri. Mwaka 1888 Dedekind alitoa kijitabu kuhusu namba ni nini na kazi yake ni nini. Humo alionyesha pia kwamba mifumo yoyote miwili inayotimiza masharti haya ina umbo moja. Peano alizitambua kazi za wote wawili katika dibaji yake ya mwaka 1889. Kijitabu chake kiliandikwa kwa Kilatini, na sehemu kubwa ya maandishi ni alama.

Alama zilikuwa shauku kubwa ya maisha yake. Alama ya uanachama katika seti, ∈, inatokana naye. Aliongoza pia kazi ya kukusanya hisabati yote inayojulikana katika lugha ya alama, na aliitumia katika kufundisha, jambo ambalo wanafunzi wengi hawakulipenda. Ni onyo kwa yeyote anayefikiri kwamba uthibitisho rasmi ukiwekwa mbele ya mwanafunzi utajieleza wenyewe.

Mwaka 1900 Mwingereza Bertrand Russell alikutana na Peano katika mkutano wa wanafalsafa mjini Paris na kuvutiwa na jinsi alivyotumia mantiki. Russell na Alfred North Whitehead baadaye waliandika Principia Mathematica (1910–1913), wakitaka kuitoa hata namba yenyewe katika mantiki. Ndiyo maana humo 1 + 1 = 2 inakaribiwa tu baada ya kurasa zaidi ya 300 za juzuu ya kwanza, na inakamilishwa katika ya pili. Kwa kuanzia aksiomu za Peano inachukua mistari miwili.

Kitabu cha Landau na pengo lililofichika

Mwaka 1930 Edmund Landau, profesa wa Göttingen nchini Ujerumani, alichapisha Grundlagen der Analysis, kitabu chembamba kinachoanzia aksiomu za Peano na kufika namba changamano bila kuruka hatua. Katika dibaji alitaja binti zake, waliokuwa wamesoma chuo kikuu kwa mihula kadhaa bila kujua kwa nini x mara y ni sawa na y mara x. Kitabu hakina picha wala mifano mingi. Ni fasili, kanuni na uthibitisho, mstari baada ya mstari.

Dibaji hiyo ina kisa kingine chenye mafunzo zaidi. Landau alikuwa amefundisha somo hili, na mwenzake Karl Grandjot alipolifundisha kwa kutumia maandishi yake aliona tatizo: fasili ya kujumlisha haikuwa halali kama ilivyodhaniwa. Mistari miwili iliyotajwa hapo juu inaeleza jinsi jumla inavyopaswa kuwa, lakini haithibitishi kwamba tendo kama hilo lipo. Induksheni inathibitisha kauli kuhusu vitu vilivyokwisha kuwapo. Haiumbi tendo jipya peke yake. Pengo lilizibwa kwa uthibitisho mfupi wa Mhungaria László Kalmár, na Landau aliueleza mkasa wote waziwazi.

Kwamba si suala la kuchambua nywele, alionyesha Mmarekani Leon Henkin mwaka 1960. Chukua ulimwengu wa namba mbili tu, 0 na 1, ambamo S(0) = 1 na S(1) = 0. Induksheni inafanya kazi humo, na kujumlisha na kuzidisha kunawezekana. Lakini jaribu kufasili vipeo kwa mistari ya kawaida, yaani x kwa kipeo 0 ni 1, na x kwa kipeo S(n) ni x kwa kipeo n mara x. Basi 0 kwa kipeo 0 ni 1, na 0 kwa kipeo 1 ni 0. Kipeo kinachofuata kinatoa 0 tena, lakini mfuasi wa 1 humo ni 0, kwa hiyo 0 kwa kipeo 0 ni 0 pia. Tendo hilo haliwezi kuwapo, ingawa «fasili» yake inaonekana safi na induksheni ni kweli.

Kujifunza kwa kompyuta

Kwa kuwa uthibitisho rasmi unakaguliwa kwa kulinganisha alama, mashine inaweza kuukagua. Mholanzi N. G. de Bruijn alianza kutengeneza lugha ya Automath mwaka 1967 kwa lengo hilo, na katika miaka ya 1970 mwanafunzi wake L. S. van Benthem Jutting alikiandika kitabu kizima cha Landau katika lugha hiyo na kukipitisha kwenye kompyuta.

Mrithi mmoja wa kazi hiyo ni programu ya Lean, iliyoanzishwa na Leonardo de Moura mwaka 2013. Kwa kuitumia, Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar wa Imperial College London walitengeneza mwaka 2019 mchezo wa bure uitwao Natural Number Game. Mchezaji hupewa 0, S na mistari miwili ya kujumlisha, kisha huthibitisha kanuni moja baada ya nyingine, kuanzia 0 + n = n. Kanuni iliyothibitishwa inakuwa chombo cha hatua zinazofuata. Isiyothibitishwa haiwezi kutumika, hata iwe inajulikana na kila mtu duniani.

Faida ya zana kama hii ni kwamba mashine haichoki wala haipendelei. Mwalimu mwenye madaftari mengi anaweza kupitisha hatua iliyorukwa, programu haipitishi. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kubahatisha amri mpaka ngazi ifunguke, bila kuelewa alichofanya. Anayeweza kuuandika upya uthibitisho wake kwenye karatasi kwa maneno ya kawaida ndiye aliyejifunza.

Katika mitaala ya sekondari, pamoja na Hisabati ya Juu ya kidato cha tano na sita nchini Tanzania, induksheni hufundishwa kwa kawaida kupitia fomula kama ile ya jumla ya 1 + 2 + … + n. Kanuni za kujumlisha zenyewe huchukuliwa kuwa zimejulikana.

Mipaka

Aksiomu ya tano inataja «sifa» bila kusema sifa ni nini. Dedekind alichukua sifa zote zinazowezekana, na matokeo yake kwamba mifumo yote ina umbo moja yanategemea hilo. Uthibitisho unaokaguliwa na mashine kwa kawaida huhitaji sifa zinazoweza kuandikwa kwa alama. Toleo lenye sifa zinazoandikika tu, pamoja na fasili za kujumlisha na kuzidisha, huitwa hesabu ya Peano. Mwaka 1934 Thoralf Skolem wa Norwe alionyesha kwamba toleo hili haliwafukuzi wageni wote.

Mwaka 1931 Kurt Gödel alithibitisha kwamba, ikiwa hesabu ya Peano haina mkinzano ndani yake, kuna kauli za kweli kuhusu namba asilia ambazo haiwezi kuzithibitisha, mojawapo ikiwa ni hiyo ya kwamba haina mkinzano. Gerhard Gentzen alithibitisha mwaka 1936 kwamba haina, lakini kwa kutumia aina ya induksheni yenye nguvu zaidi iliyo nje yake.

Mfano ulio karibu na hesabu ya kawaida ni kanuni ya Reuben Goodstein ya mwaka 1944. Namba huandikwa kwa vipeo vya 2, hata ndani ya vipeo vyenyewe. Kila 2 hubadilishwa kuwa 3, kisha hutolewa 1. Halafu kila 3 huwa 4, hutolewa 1, na kuendelea. Ukianza na 4 unapata 26, 41, 60, 83 na 109. Goodstein alithibitisha kwamba kila mfuatano wa namna hii hatimaye hurudi 0. Mwaka 1982 Laurie Kirby na Jeff Paris walionyesha kwamba hesabu ya Peano haiwezi kuthibitisha kanuni hiyo. Kwa namba 4 mfuatano unafika 0 kweli, baada ya hatua ambazo idadi yake, ikiandikwa, ina tarakimu zaidi ya milioni 121.